Mto Rufiji Sasa Una Lango: Ufunguo Ashike Nani?

Mwulize mtu wa mjini maana ya mafuriko, naye atakujibu bila kufikiri: ni msiba. Nyumba zimeanguka, njia imekatika, Serikali ipeleke mablanketi na unga. Kisha mwulize mzee wa Utete au wa Mohoro neno hilo hilo. Yeye atakuuliza kwanza: Mafuriko ya mwezi gani? Yameingia polepole au kwa kishindo? Yamekaa siku ngapi shambani? Hapo ndipo utakapotambua kwamba mmoja wa watu hawa wawili ameliishi bonde, na wa pili amelisoma gazetini. Sisi wenye magazeti tumo katika kosa hilo. Mara nyingi twaandika habari za Rufiji siku ile tu maji yanapofika dirishani, na maji yakishuka nasi twanyamaza.

Juma hili twataka kusema maji yakiwa yametulia. Twasema sasa kwa sababu jambo kubwa limetokea katika mto ule ambalo halikupata kutokea tangu Mungu aumbe bonde lile. Mto umewekewa lango. Tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, maji ya Rufiji hayashuki tena kwa amri ya mvua peke yake. Hushuka kwa amri ya mvua na kwa amri ya mtu. Basi kila mwananchi mwenye akili ana haki ya kuuliza: mtu huyo ni nani, na kabla ya kufungua au kufunga humwuliza nani?

MTO NA SHAMBA LAKE

Tuanze na mto wenyewe. Rufiji hukusanya maji kutoka nchi kubwa, kilomita za mraba 177,000 hivi, yaani karibu sehemu moja katika tano ya Tanzania Bara. Mvua inayonyesha Usangu huingia Ruaha Mkuu. Mvua ya milima ya Njombe na Udzungwa huingia Kilombero, na Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji yote. Mvua ya kusini huingia Luwegu. Mito hiyo hukutana, hupenya katika korongo jembamba la mawe lililopewa jina la Mjerumani Stiegler, na baada ya korongo hilo nchi hufunguka ikawa tambarare. Kutoka hapo hadi baharini ni zaidi ya kilomita 100 za ardhi iliyolala kama mkeka, na mwisho wake mto hugawanyika mikono mingi ndani ya mikoko.

Ardhi hiyo haikuletwa na mtu. Ililetwa na mafuriko, mwaka baada ya mwaka, udongo juu ya udongo. Ndiyo maana wenyeji wa huko, Warufiji na Wandengereko, hawakuyachukia maji wala hawakuyakimbia. Walijifunza tabia yake wakaiandama. Vuli inaponyesha, Desemba na Januari, mkulima hupanda mpunga bondeni. Ana miezi mitatu hivi ya kuufanya mpunga ule urefuke, kwa maana ajua kwamba katika masika, yapata Aprili, mto utafurika kingo zake. Maji yakija polepole, mpunga nao hupanda pamoja nayo, kichwa chake kikiwa nje. Maji yakishuka, huvunwa. Wala kazi haiishi hapo. Katika udongo ule ule uliobaki na unyevu, mkulima hupanda tena: mahindi, kunde, maboga na mboga, bila kungoja tone la mvua. Kilimo hicho cha baada ya maji ndicho wanachokiita mlau.

Tazama basi hekima iliyomo. Shamba moja, mavuno mawili. Mbolea haikununuliwa dukani, imeletwa na mto hadi mlangoni. Mashine ya kumwagilia haipo, wala deni la mashine halipo. Mwaka ambao maji yameharibu mpunga, mlau humwokoa mwenye shamba na njaa, kwa kuwa maji yale yale yaliyomnyang'anya yamemwachia unyevu mwingi. Mabwana wa ofisini huandika vitabu juu ya kinga dhidi ya njaa. Mzee wa Rufiji alikuwa nayo kabla vitabu hivyo havijapigwa chapa.

Na nyumba yake? Wakati wa kulinda mpunga alikaa juu ya dungu, kibanda kilichosimamishwa juu ya nguzo ndefu, ili maji yapite chini na yeye awaone nguruwe, ngedere na viboko wanaokuja kumla jasho lake. Mtumbwi ulifungwa kwenye nguzo. Mtu asiyejua akipita huliona dungu akadhani ni ufukara. Hakika ni ujuzi wa kujenga nyumba mahali ambapo maji ni mgeni wa kila mwaka.

Kadhalika samaki. Kando ya mto yapo maziwa, kama Zumbi, Ruwe, Utunge, Uba na Mtanza. Maziwa hayo huishi kwa mafuriko. Mto ukifurika huyafikia, hutia maji mapya na samaki wapya. Miaka mingi ikipita bila mafuriko, ziwa hupungua, samaki huwa wadogo, na mvuvi hurudi na ndoo tupu. Tena huko mwisho kabisa, kwenye delta, ipo mikoko ambayo ni karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na katika mizizi yake hukulia kamba wanaouzwa hata ng'ambo. Nao hutegemea maji matamu na udongo wa mto ili bahari isiwazidi nguvu. Kwa hiyo mafuriko ya Rufiji hulisha mkulima, mvuvi wa ziwani na mvuvi wa pwani, watu watatu kwa sahani moja.

WALIOAMUA KWA NIABA YETU

Sasa tuone waliolitazama bonde hili kwa macho ya kigeni.

Wajerumani walipofika waliona udongo mzuri, wakaamua kwamba udongo mzuri ni wa pamba. Hawakuuliza mpunga utapandwa lini wala watoto watakula nini. Watu walilazimishwa kulima pamba kwa kiboko, chini ya akida. Jibu lilitoka katika nchi ile ile. Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Matumbi, wananchi waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani pale Mohoro, bondeni Rufiji, Agosti 1905. Twakumbusha jambo hili ili ijulikane kwamba shauri la nani aamue nini kipandwe kando ya Rufiji limekwisha kumwaga damu ya Waafrika.

Wakaja Waingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili walileta matrekta kulima bonde kwa wingi, wakiamini kwamba chuma kitafanya yale ambayo jembe halikufanya. Mpango ule ulikufa kabla hata ya Uhuru. Kisha wakaja wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakapima maji, wakapima udongo, na mwaka 1961 wakatoa taarifa yao yenye majuzuu kadha wa kadha. Kazi ya kupima ilikuwa nzuri, hatuikatai. Lakini katika mipango yote hiyo mafuriko yalikuwa adui wa kufungwa kamba, na mkulima alikuwa mtu wa kufundishwa.

Je, sisi wenyewe tulipojitawala tulifanya vizuri zaidi? Gazeti la wananchi haliwezi kuwasema Wajerumani na Waingereza peke yao kisha likajifunika shuka. Mwaka 1968 maji yalikuwa makubwa. Serikali yetu, kwa nia njema kabisa, iliona kwamba watu waliotawanyika bondeni hawawezi kupata shule, zahanati wala maji safi, na tena wataendelea kufikwa na mafuriko. Ikawahamisha, mwaka ule na uliofuata, kwenda vijiji vya ujamaa juu ya ardhi ya mwinuko, hasa upande wa kaskazini ya mto. Shule zilikuja, zahanati zilikuja, na hakuna mtu mwenye haki atakayesema kwamba hayo ni mambo madogo.

Lakini shamba halikuhama. Shamba lilibaki bondeni. Mkulima aliyekuwa akitoka dunguni na kuingia mpungani akawa na mwendo mrefu wa miguu kila siku. Usiku, yeye akiwa kijijini, nguruwe na viboko walikuwa shambani. Udongo wa kule juu ni mchanga, huchoka upesi, haukuweza kuchukua mahali pa udongo wa mto. Mwishowe watu walifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye njaa angefanya: msimu wa kilimo walishuka tena bondeni wakajenga madungu, na msimu ukiisha wakapanda kijijini. Walikuwa na nyumba mbili kwa sababu mpango ulikuwa na jicho moja.

Waswahili walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mjerumani hakulala katika kitanda hicho, wala Mwingereza. Lakini bwana mkubwa Mwafrika aliyekaa Dar es Salaam naye hakulala humo, na rangi ya ngozi yake haikumwonyesha kunguni. Hilo ndilo funzo la 1968. Nia njema isiyouliza huleta matata yale yale ya nia mbaya, ijapokuwa hailetwi na kiboko.

BWAWA NI LETU

Tumesema hayo kwanza ili mtu asije akatudhania kuwa sisi ni maadui wa bwawa. La hasha! Bwawa la Julius Nyerere ni fahari yetu. Wazo la kulijenga ni la zamani. Mwalimu alilitaka, na mwaka 1975 ikaundwa mamlaka ya kuliendeleza bonde la Rufiji, lakini fedha hazikupatikana. Wakubwa wa dunia, wenye fedha, walikuwa na sababu zao za kukataa. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019, na kazi ikafanywa kwa fedha za Tanzania yenyewe, na mafundi wa makampuni ya Misri wakisaidiana na Watanzania. Mashine ya kwanza ilianza kutoa umeme Februari 2024, na mwaka 2025 zote tisa zilikuwa zimekamilika, jumla megawati 2,115. Taifa ambalo mwaka 1961 wageni walilihesabu miongoni mwa maskini wa mwisho limefunga mto wake kwa mkoba wake. Asiyeona fahari katika jambo hilo ana maradhi.

Lakini fahari haimwondolei mtu wajibu wa kufikiri. Kitu kikiwa cha mgeni, waweza kumlaumu mgeni. Kitu kikiwa chako, hesabu yake ni juu yako.

Shida yenyewe ni hii. Umeme hupenda maji yatoke sawasawa, leo kama jana, kiangazi kama masika, kwa kuwa taa huwashwa kila siku. Shamba la bondeni lataka kinyume chake: maji kidogo wakati mpunga ungali mchanga, maji mengi mara moja katika masika, kisha yashuke na kukaa chini ili mlau upandwe. Mwenye lango akifuata umeme peke yake, bonde laweza kufikwa na mabaya mawili kwa zamu. Mwaka wa mvua ya kadiri, maji yatazuiliwa nyuma ya ukuta, masika yatapita bila mafuriko, na mlau hautakuwa na unyevu. Mwaka wa mvua kubwa, bwawa likiwa limekwisha jaa, maji yatafunguliwa kwa pamoja kwa sababu hayana pa kukaa, nayo yatashuka wakati ambao mkulima hakuutazamia. Kule nyuma ya ukuta nako utabaki udongo ule uliokuwa mbolea ya bure.

Aprili 2024 tuliona sehemu ya jambo hili. Masika ya mwaka ule yalikuwa makali nchini kote, hata Waziri Mkuu akaliambia Bunge kwamba watu 155 wamepoteza maisha kwa mvua na mafuriko. Katika wilaya za Rufiji na Kibiti maji yalifunika mashamba na nyumba, na maelfu ya watu wakahama, huku bwawa likiwa linafungulia maji. Wengine bondeni walilaumu bwawa. Serikali ilijibu kwamba bila bwawa maji yangekuwa makubwa zaidi, kwani ukuta ulizuia sehemu ya mafuriko. Sisi twaona kwamba jibu hilo lina maana. Ukuta ule kweli waweza kupunguza gharika, na Rufiji ilipata mafuriko makubwa, kama yale ya El Niño ya 1997 na 1998, kabla bwawa halijajengwa.

Lakini hata tukikubali neno hilo lote, bado swali la mkulima halijajibiwa. Yeye hakuuliza tu maji yalikuwa kiasi gani. Aliuliza pia: nani aliamua siku ya kufungua, na kwa nini mimi nilipata habari baada ya kupanda? Tangazo la redio laweza kumwondoa mtu na watoto wake kwa siku mbili. Haliwezi kuuondoa mpunga. Mpunga hauna miguu.

WENZETU WALIPITA NJIA HII

Rufiji si mto wa kwanza wa Afrika kuwekewa lango. Tutazame waliotangulia, tuchukue jema na kuacha baya.

Misri walimaliza bwawa kubwa la Aswan mwaka 1970. Walipata umeme, wakaepuka miaka ya ukame na gharika. Lakini udongo wa Nile ulibaki nyuma ya ukuta, wakulima wakalazimika kununua mbolea kwa wingi, na delta ikaanza kuliwa na bahari. Jirani zetu wa Msumbiji waliachiwa na Wareno bwawa la Cahora Bassa juu ya Zambezi, lililoanza kujazwa mwisho wa 1974. Bwawa hilo lilifanywa kwanza kwa faida ya umeme uliopelekwa Afrika Kusini ya makaburu. Hakuna aliyewauliza watu wa delta ya Zambezi. Mafuriko yao ya kila mwaka yalivurugika, ardhi ikakauka, na uvuvi wa kamba ukapata hasara. Msumbiji ilipata mamlaka ya bwawa hilo mwaka 2007 tu, miaka zaidi ya thelathini baada ya Uhuru wake.

Sasa upande wa pili. Zambia walipojenga bwawa la Itezhi-Tezhi juu ya mto Kafue, katika miaka ya sabini, walilifanya liwe kubwa kuliko umeme ulivyodai, makusudi, ili mwezi Machi maji yafunguliwe kwa ajili ya tambarare za Kafue, zenye malisho, samaki na wanyama. Na katika mto Senegal, bwawa la Manantali lililokamilika mwaka 1988 lilikuwa likifunguliwa ili kuleta mafuriko ya kupangwa kwa wakulima wa bondeni, ambao kilimo chao ni ndugu wa mlau wetu. Hatusemi kwamba wenzetu hao hawakuwa na matata. Twasema kwamba jambo hili lawezekana, na limepata kufanywa na Waafrika. Mhandisi asije akatuambia kwamba bwawa halijui mkulima. Bwawa halijui kitu chochote. Ajuaye ni mwenye kulifungua.

Wengine watasema: mkifungua maji kwa mpunga mtapoteza umeme, na viwanda vitasimama. Tujibu kwa utulivu. Maji yanayopita katika mashine hutoa umeme kwanza, kisha hushuka kwenda shambani. Tone moja lafanya kazi mbili. Mashine nyingi zikifanya kazi pamoja katika majuma machache ya masika, maji mengi huteremka bila hata tone moja kupotea bure. Yakihitajika maji ya ziada juu ya hayo, ndipo yapitishwe njia ya kumwaga, na hasara yake ihesabiwe mbele ya watu wote, karibu na hesabu ya gunia la mpunga, ndoo ya samaki na mikoko ya delta. Leo hesabu ya umeme huandikwa kwa shilingi, na hesabu ya mlau haiandikwi mahali popote. Kitu kisichoandikwa huonekana kama hakipo.

TUNACHODAI

Maneno matupu hayajengi nchi. Basi twataja mambo matano tunayoyataka, nayo hayana ugumu.

Kwanza, iwepo kalenda ya maji. Kila mwaka kabla ya vuli wenye bwawa, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na wakulima wakae pamoja, wakubaliane maji yatafunguliwa lini katika masika na kiasi gani, mvua ikiwa ndogo, ya kadiri au kubwa. Kalenda hiyo ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji na isomwe msikitini na sokoni. Mkulima akijua, atachagua mbegu yake na shamba lake. Hilo tu laweza kuokoa nusu ya hasara.

Pili, viti katika baraza la maji wapewe wakulima na wavuvi wenyewe, waliochaguliwa na vijiji, wanawake wakiwemo, kwa sababu wao ndio walima mpunga wengi. Mtu asikae kwa niaba yao. Sheria ya maji, Namba 11 ya mwaka 2009, inatambua jumuiya za watumia maji, na inaweka maji ya matumizi ya watu na akiba ya maji ya mazingira mbele ya matumizi mengine. Hatuombi sheria mpya. Twaomba sheria iliyopo ishuke kutoka kabatini ifike mtoni.

Tatu, mvua ikiruhusu, mafuriko ya kadiri yafunguliwe kwa makusudi, ili maziwa yajae, mlau upate unyevu na chumvi ya bahari isipande deltani.

Nne, yawepo maonyo ya mapema yanayofika. Simu za mkononi ni nyingi bondeni, lakini bado kuna mahali ambapo hazishiki. Kila kijiji kiwe na mtu wake wa kupokea habari, chenye king'ora au ngoma, na vijiti vya kupimia maji viwekwe mtoni, watu waone kwa macho yao. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tano, lango likifunguliwa kwa dharura nje ya kalenda na mazao yakaharibika, mkulima alipwe. Asipewe kama sadaka ya msiba. Alipwe kama mtu aliyetoa shamba lake ili ukuta wa taifa usalimike. Umeme wa bwawa lile huwaka nchi nzima. Haifai gharama yake ibebwe na kata chache za kando ya mto.

NA SISI WA BONDENI

Haki ina ndugu yake aitwaye wajibu, nao hawatengani. Watu wa bondeni wasidhani kwamba kazi yao ni kudai tu. Nyumba ya matofali na bati isijengwe mahali ambapo baba na babu walijenga dungu. Wazee walijua kwa nini waliweka nguzo ndefu, na kijana aliyesahau asije akalaumu mto. Msitu wa kando ya mto na mikoko isikatwe ovyo kwa mkaa na magogo, kwa maana huyo akatiaye leo ndiye atakayelia kesho ukingo ukimeguka. Wakulima waunge vyama vyao vya ushirika viwe na nguvu, kwani mtu mmoja akienda kwenye baraza la maji huenda akatishwa na mabwana wenye karatasi, lakini chama cha watu elfu hakitishiki. Tena wazee wenye elimu ya maji, wanaojua kwa rangi ya mto na kwa upepo kama yatakuwa makubwa, wawafundishe vijana, na vijana wa shule waiandike elimu hiyo kabla wazee hawajatutoka.

Na ninyi wenzetu wa mijini, mnaposoma haya chini ya taa, kumbukeni kwamba taa hiyo yawaka kwa maji ya Kilombero na Ruaha na Luwegu, yaliyozuiliwa kwa muda yasifike kwa mtu mwingine. Mtu huyo hana kinyongo. Yeye pia ni Mtanzania na yeye pia ataka umeme, ijapokuwa vibanda vingi kando ya mto huo bado usiku vina giza. Analotaka ni kuambiwa maji yake yatarudi lini.

Wajerumani waliamua bila kumwuliza. Waingereza waliamua bila kumwuliza. Mwaka 1968 tuliamua sisi wenyewe, nasi hatukumwuliza vya kutosha. Leo tuna lango lenye nguvu kuliko amri zote hizo, na nafasi ya kufanya jambo ambalo halijafanywa katika bonde lile kwa zaidi ya miaka mia. Vuli haiko mbali. Kabla mbegu haijaingia ardhini, wenye ufunguo na waende Utete, wakae chini na wenye mashamba, wawaulize: ndugu, mwataka maji mwezi gani?